Nyumba za Jiji, Pesa za Nani?

Aliyetaka kunywa pombe Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hakutaka kukimbizana na polisi, alikwenda Pumwani kwenye kilabu cha manispaa. Kupika pombe nyumbani kulikuwa kosa la kumfikisha mtu kortini. Baraza la manispaa lilikuwa limejitwalia biashara hiyo peke yake, kwa mfumo lililouiga kutoka Durban, Afrika Kusini, na faida ikawa inaingia katika mfuko maalumu wa huduma za Waafrika mjini. Walowezi waliokaa mitaa ya juu, kwenye miti na hewa safi, hawakuona kwa nini ada za viwanja vyao ziende kwa watu wa bondeni. Basi wa bondeni wakajigharimia wenyewe, kikombe baada ya kikombe.

Nimeanza na pombe kwa makusudi. Historia ya nyumba za bei nafuu Nairobi husimuliwa kwa majina ya mitaa na miaka ya ujenzi. Ni nadra mtu kuuliza pesa zilitoka wapi, ilhali huko ndiko kulikoamuliwa nani apewe chumba na nani avunjiwe banda.

Pumwani yenyewe ilianza na hesabu ya ubahili. Manispaa ilipima viwanja, ikaweka maji na vyoo vya pamoja, kisha ikawaachia watu wajenge. Waliohamishiwa huko walitoka katika vijiji vilivyokuwapo kabla mji haujajua mipaka yake: Mombasa, Maskini, Kaburini. Kijiji cha Pangani kilinusurika kwa muda, kikaja kuvunjwa mwaka 1939. Walijenga nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vilivyobaki akavipangisha. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu umalaya wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba baadhi yao walijenga kwa pesa walizozipata kwa kuuza miili na kupika chai na chakula kwa wanaume waliokuja mjini peke yao. Serikali iliwaita kero. Lakini mfanyakazi wa reli au wa nyumbani kwa Mzungu alipotafuta mahali pa kulala, ni mlango wa mama huyo aliobisha.

Manispaa ilianza kujenga kwa mikono yake mwaka 1929, pale Kariokor, ilipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo kwa ndugu yake Kariakoo wa Dar es Salaam. Shauri Moyo ikafuata mwaka 1938 ili kuwapokea watakaovunjiwa Pangani. Nyumba hizi zilijengwa kwa imani moja: Mwafrika mjini ni mwanamume asiye na mke wala mtoto, aliyekuja kufanya kazi na atakayerudi kwao. Ndiyo maana kwa miaka mingi kilichopangishwa hakikuwa nyumba, na mara nyingine hata hakikuwa chumba. Ilikuwa nafasi ya kitanda. Wanaume wasiojuana walilala chumba kimoja, kila mmoja na kodi yake, na mke aliyekuja kutoka kijijini kumtembelea mumewe alikuwa mvunja sheria.

Kilichoitikisa imani hiyo ni migomo, wala si huruma ya mtu. Mwaka 1939 vibarua wa mji wa Mombasa, kule pwani, waliacha kazi wakidai, pamoja na mengine, posho ya nyumba. Mwaka 1947 mji huo ukasimama tena. Nairobi iligoma mwaka 1950, wiki chache tu baada ya kupewa hadhi ya jiji. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza ujira wa Waafrika ikakiri kwa maandishi jambo ambalo kila mpangaji wa Kariokor alikuwa analijua: mshahara wa mtu mmoja haulishi familia, na mfanyakazi asiye na familia karibu naye hadumu kazini. Kuanzia hapo nyumba za baraza zikaanza kuwa na vyumba viwili na jiko.

Kaloleni ilikuwa imetangulia katika miaka ya 1940, na mpaka leo ukipita pale utaona bustani na nafasi ambazo mitaa mingine haina. Kisha ukaja mkururo wa miaka ya 1950, Mbotela, Bahati na mitaa ya Ofafa, hii ya mwisho kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa walikuwa madiwani waliouawa katika vurugu za Mau Mau, wa kwanza mwaka 1952 na wa pili mwaka 1953. Wakati baraza linajenga Ofafa kwa ajili ya familia, jeshi lilikuwa limefanya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, likawazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru wa jiji kwa makumi ya maelfu na kuwapeleka vizuizini. Vitanda vikabaki vitupu, vikapewa wengine. Sijui kama kuna mji mwingine Afrika Mashariki ambapo nyumba ya bei nafuu na kambi ya kizuizini zilikuwa sera moja kwa kiasi hicho.

Uhuru ulipokuja, watu waliozuiwa kwa kipande na pasi wakaja. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wapatao 267,000 Nairobi. Ile ya 1969 ikakuta zaidi ya 509,000. Baraza likafanya mambo mawili yasiyopatana. Kwa mkono mmoja liligawa viwanja vya bei nafuu Kariobangi, kwa mkono wa pili likatuma askari kuchoma na kubomoa mabanda, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliobomolewa walikwenda hatua mia kadhaa, wakajenga tena.

Septemba 1973 wakuu wa Benki ya Dunia walikutana Nairobi, katika jengo jipya la Kenyatta lililokamilishwa kwa ajili ya ugeni huo. Rais wa benki, Robert McNamara, akatoa hotuba kuhusu ufukara wa kupindukia. Miaka miwili baadaye benki hiyo ikaingia mkataba na Kenya kugharimia Dandora.

Dandora ilikuwa viwanja 6,000 mashariki mwa jiji. Fikra yake ilikuwa nyepesi: serikali haiwezi kumjengea kila maskini nyumba, basi impe kile asichoweza kujifanyia. Ukipata kiwanja ulikikuta na choo na bafu vimeunganishwa na maji na mfereji wa majitaka. Ulipewa mkopo mdogo wa vifaa, ukajenga vyumba vyako kimoja kimoja. Walengwa walikuwa wenye kipato cha kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi, na kwa kuwa waombaji walizidi viwanja, kura ikapigwa. Wahandisi wa baraza hawakufurahi. Walishazoea kanuni za ujenzi zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, na kwao nyumba inayoanza na choo peke yake ilikuwa fedheha. Mabishano yakachelewesha kazi.

Wenye viwanja walifanya walichoweza. Wengine, wanawake hasa, waliunda vikundi, wakachanga kila mwezi na kujengeana kwa zamu. Wengi waligundua mapema kwamba mshahara wa shilingi mia chache haulipi mkopo na kununua mawe kwa pamoja. Wakajenga chumba, wakaweka mpangaji. Kodi ya huyo ikajenga cha pili. Baada ya miaka kadhaa wenye ploti wengi hawakuwa wakiishi Dandora tena, na leo nyingi za ploti hizo ni maghorofa ya vyumba vya kupangisha, jirani na jaa kuu la taka la jiji. Wataalamu wamelalamika kwamba mradi ulitekwa na malandilodi. Mimi naona watu wale walirudia alichofanya mama wa Pumwani nusu karne kabla yao, na kwa sababu ile ile. Aliyepotea katika hesabu ni mpangaji, maana hakuna mkataba wa Washington uliomtaja.

Mtaa wa Umoja, uliojengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, ulichukuliwa upesi na watu wa tabaka la kati. Mradi wa pili wa Benki ya Dunia, wa mwaka 1978, ulizaa Kayole na Mathare North. Kabla haujakamilika, jiji lenyewe lilibaki bila mwenyewe.

Machi 1983 serikali ya Rais Moi ilivunja baraza la Meya Nathan Kahara kwa madai ya ubadhirifu, ikaweka tume. Tume ya Jiji ilikusudiwa ikae kidogo. Ilikaa hadi uchaguzi wa 1992. Makamishna waliteuliwa, hawakuchaguliwa, na hakuna mpiga kura aliyeweza kuwauliza fedha za nyumba zimekwenda wapi. Nyumba za zamani za baraza zilibaki na kodi ya chini mno, na aliyepewa moja kwa kujuana aliweza kuipangisha kwa bei ya soko na kula tofauti. Tume inakumbukwa zaidi kwa Muoroto, kijiji cha mabanda karibu na kituo cha mabasi ya Machakos. Mei 1990 askari wake, hao wanaoitwa kanjo mpaka leo, waliingia na matingatinga na wakazi wakapigana nao. Uvumi wa vifo ukaenea, serikali ikakanusha. Novemba mwaka huo ikawa zamu ya mabanda ya Kibagare, na makumi ya maelfu wakabaki nje.

Na wale wasio hata na banda? Bajeti yao kwa sehemu kubwa ya karne ilikuwa lori la askari na seli, kwa sheria ya uzururaji iliyofutwa mwaka 1997 tu. Msaada ulitoka kwa watu binafsi. Kituo cha wavulana cha Starehe kilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu katika vibanda vya mabati, kuokoa wavulana waliopoteza makao wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1973 padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya vijana waliolala mitaani wakiongoza magari yaegeshwe. Serikali ilikuja na Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani mwaka 2003. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018 ilikuta watu 46,639 wa mitaani nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi.

Sasa mlipaji wa nyumba za bei nafuu ni mshahara. Sheria ya Fedha ya 2023 ilimkata mwajiriwa asilimia 1.5 na mwajiri akaongeza kiasi kile kile. Mahakama Kuu ikasema makato hayo ni kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba wasioajiriwa waliachwa. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa saini Machi 2024, safari hii ikiwashika na wao. Wiki chache baadaye, mafuriko yalipopita, matingatinga yakaingia kubomoa mabanda ya kingo za Mto Mathare. Sheria hiyo inamtambua mwenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi kuwa mlengwa wa nyumba za kijamii, ila ajisajili, aweke akiba ya amana, kisha alipe kila mwezi. Anayelala barazani mwa duka katika barabara ya Tom Mboya hana foleni ya kuingia hapo. Anahesabiwa katika wizara nyingine, kwenye ule mfuko wa 2003, ambao makato ya nyumba hayaugusi.