Kutoka kwa Mshenga hadi Simu ya Mkononi: Historia Fupi ya Kutafuta Mwenzi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Tulikumbuka methali hii muhula uliopita tulipokuwa tukifundisha msamiati wa ndoa. Tulipoeleza kwamba mshenga ni mtu anayetumwa na upande wa mwanamume kupeleka posa, mwanafunzi mmoja aliinua simu yake akasema, "Mwalimu, mshenga wangu ni huyu." Darasa zima likacheka. Baada ya kipindi alitufuata ofisini, kicheko kimemwisha. Alikuwa ameandikiana kwa miezi mitatu na kijana aliyempata mtandaoni, na alikuwa na swali moja: "Nitajuaje kama ni mtu wa kweli?" Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Makala haya yanajaribu kulitoa.

Ndugu msomaji, mshenga hakuwa tarishi tu. Katika jamii za Waswahili alikuwa mtu mzima mwenye heshima, ajuaye wapi aseme na wapi anyamaze. Kupitia kwake familia zilichunguzana: huyu ni mtoto wa nani, tabia zake zikoje, ana mke mwingine? Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na umuranga kwa kazi kama hiyo. Hapa Uganda, Waganda wana ssenga, yaani shangazi, anayemfunda binti na kusimama naye siku ya kwanjula, mchumba anapotambulishwa kwa wazazi. Maneno mshenga na ssenga yanafanana kwa sauti, lakini wanafunzi wasiyachanganye: wa kwanza hutumwa na upande wa mume, wa pili ni damu ya binti. Linalowaunganisha ni kwamba ndoa ikienda mrama, yupo mtu wa kuulizwa.

Kutafuta mwenzi kwa chombo badala ya mtu hakukuanza na simu. Mwaka 1695, gazeti la John Houghton la London lilichapisha tangazo la bwana wa miaka kama 30 aliyetaka mke mwenye mali ya pauni 3,000 hivi. Mwaka 1965, Jeff Tarr na Vaughan Morrill, wanafunzi wa Harvard, Marekani, walianzisha Operation Match: kijana alijaza hojaji, akalipa dola 3, kompyuta ikamchagulia majina. Tovuti ya Match.com ilifunguliwa mwaka 1995, na mwaka 2012 ikaja programu ya Tinder, ambayo mtu hutelezesha kidole kulia akipenda picha na kushoto asipoipenda.

Sisi tuliozaliwa zamani kidogo tulikuwa na marafiki wa kalamu, na picha ya pasipoti ndani ya bahasha. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam miaka ya 2000, tulingoja zamu katika mikahawa ya intaneti ili tuzungumze kwa Yahoo Messenger. Kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka vijana wa leo.

Isitoshe, njia hii si mchezo. Utafiti wa Michael Rosenfeld na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nchini Marekani, takriban asilimia 39 ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017 walikutana mtandaoni. Hata hivyo, mwaka 2012 wanasaikolojia wakiongozwa na Eli Finkel walipitia tafiti zilizokuwapo, wakahitimisha kwamba hakukuwa na ushahidi madhubuti kuwa hesabu za tovuti hizo hutambua watu watakaodumu pamoja. Walionya pia kwamba kuandikiana muda mrefu kabla ya kuonana hujenga matarajio yasiyo ya kweli. Na wingi wa picha una hatari yake, kwani mchagua nazi hupata koroma.

Historia hii inatufundisha kwamba mshenga alikuwa na kazi mbili: kukutanisha na kudhamini. Simu imechukua ya kwanza, na huenda inaifanya vizuri kuliko yeye. Ya pili haikuchukuliwa na yeyote; imeachwa chini, na kila kijana hana budi kuiokota mwenyewe. Aulize maswali ya mshenga bila haya. Waonane mapema, mchana, mahali penye watu. Amtambulishe mwenzake kwa mtu anayemjua na kumpenda, kwa maana asiyekubali kuonekana na jamaa zako hajakubali kuwa nawe.

Mwanafunzi wetu alimweleza shangazi yake. Kijana alipokuja Kampala, walikutana mkahawani saa saba mchana, shangazi ameketi meza ya pili na kikombe chake cha chai. Kama wataoana, hatujui. Tunachojua ni kwamba binti alirudi darasani akatuambia, "Mwalimu, ni mtu wa kweli. Na shangazi amemuuliza kila kitu."