Kiti Kitupu Kabla ya Kura: Kujazwa kwa Nafasi za Mahakama ya Juu ya Kenya, 2011–2017

Utangulizi

Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba mwaka 2016, Kenya ilikuwa na Mahakama ya Juu isiyoweza kuketi. Masjala ilikuwa wazi na majaji wanne walikuwa kazini, lakini ibara ya 163 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka majaji watano ndipo mahakama hiyo ihesabike kuwa na akidi. Jaji Mkuu Willy Mutunga alikuwa amestaafu. Naibu wake, Kalpana Rawal, na Jaji Philip Tunoi walikuwa wameondoka baada ya mvutano mrefu kuhusu umri wa kustaafu. Uchaguzi mkuu ulipangwa kufanyika tarehe 8 Agosti 2017, na mahakama hiyo ndiyo pekee yenye mamlaka ya kusikiliza shauri la kupinga kuchaguliwa kwa Rais.

Mengi yameandikwa kuhusu hukumu ya tarehe 1 Septemba 2017 iliyobatilisha uchaguzi wa Rais. Makala haya yanarudi nyuma kidogo, kwenye namna viti vile vitatu vilivyopata wenyewe. Hoja yake ni kwamba Katiba ya 2010 ilimwondolea Rais wa Kenya uwezo wa kuchagua nani awe jaji, lakini ilimwachia, pamoja na wadau wengine, sehemu kubwa ya uwezo wa kuamua ni lini jaji huyo ataingia kazini. Uchaguzi unapokaribia, uwezo huo wa pili huweza kupata nguvu sawa na ule wa kwanza.

Urithi wa mashauri yasiyosikilizwa

Chini ya Katiba ya zamani, Jaji Mkuu aliteuliwa na Rais peke yake. Matokeo yake katika mashauri ya uchaguzi yanajulikana. Baada ya uchaguzi wa 1992, shauri la Kenneth Matiba dhidi ya Rais Daniel arap Moi lilitupwa kwa sababu Matiba, aliyekuwa mgonjwa, hakutia saini hati kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997, shauri la Mwai Kibaki lilitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa hati ana kwa ana. Jinsi ya kumfikia mtu aliyezungukwa na walinzi mchana na usiku ni swali ambalo mdai aliachiwa ajijibu. Katika mashauri yote mawili, mahakama haikufika kwenye suala la kura zenyewe.

Kibaki alipoingia madarakani, serikali yake ilifanya mwaka 2003 kile kilichoitwa upasuaji mkubwa wa mahakama. Ripoti rasmi iliwataja majaji 23 wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa kuwa wanahusishwa na rushwa na utovu wa maadili. Wengi waliondoka, lakini utaratibu wa kujaza nafasi zao ulibaki uleule. Kwa hiyo, matokeo ya Desemba 2007 yalipozua mgogoro, upande wa upinzani ulikataa kwenda mahakamani, ukisema wazi kwamba mahakama ni mali ya mshindani wao. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Waandishi wa Katiba ya 2010 walifanya kazi yao wakiwa na makaburi hayo mbele ya macho yao.

Jaribio la kwanza, Januari 2011

Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, na masharti yake ya mpito yalimtaka Jaji Mkuu aliyekuwapo aondoke katika muda wa miezi sita. Mwishoni mwa Januari 2011 Rais Kibaki alitangaza jina la Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu mteule, pamoja na majina ya Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Waziri Mkuu Raila Odinga alisema hakushauriwa kama sheria ilivyotaka. Mashirika ya kiraia yalikwenda Mahakama Kuu, nayo ikaona kwamba uteuzi huo ulikiuka Katiba. Mwezi Februari Rais aliyaondoa majina hayo.

Kilichofuata kilikuwa kigeni kwa Wakenya. Tume ya Huduma za Mahakama iliitangaza nafasi hiyo, ikapokea maombi na kuwahoji waombaji hadharani, huku mahojiano yakirushwa kwenye televisheni. Mutunga, mwanaharakati wa haki za binadamu aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, aliapishwa Juni 2011. Kuanzia hapo utaratibu wa ibara ya 166 ukatulia: Tume hupendekeza, Bunge la Taifa huidhinisha, Rais huteua kwa kufuata pendekezo. Neno "kwa kufuata" ndilo lililobishaniwa zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2015 yalijaribu kuilazimisha Tume impelekee Rais majina matatu ili achague moja, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu iliyabatilisha baada ya shauri la Chama cha Wanasheria cha Kenya. Jina likabaki moja.

Hata hivyo, utaratibu mzuri haukuwa kinga dhidi ya kiti kitupu. Naibu Jaji Mkuu wa kwanza, Nancy Baraza, alijiuzulu Oktoba 2012, miezi mitano kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Mrithi wake, Rawal, aliapishwa Juni 2013. Katikati ya tarehe hizo mbili palifanyika uchaguzi, pakafunguliwa shauri la kwanza la kupinga uchaguzi wa Rais chini ya Katiba mpya, na pakatolewa hukumu. Majaji sita waliketi, idadi iliyoweza kugawanyika sawasawa, tatu kwa tatu. Hawakugawanyika, wote kwa pamoja waliyathibitisha matokeo, na kwa sababu hiyo jambo hilo halikusumbua watu wengi. Lingepaswa kuwasumbua.

Mwaka 2016: hesabu ya Mutunga

Mutunga alizaliwa tarehe 16 Juni 1947. Ibara ya 167 inamtaka jaji astaafu atimizapo miaka 70, ingawa anaweza kuondoka kwa hiari baada ya kufikisha miaka 65. Kama angekaa hadi siku ya mwisho, kiti chake kingekuwa wazi siku 53 kabla ya upigaji kura. Aliamua kuondoka mwaka mmoja mapema, akieleza kwamba mrithi wake anahitaji muda wa kujiandaa kwa uchaguzi.

Uamuzi huo unastahili kupimwa kwa kalenda, maana sifa za jumla hazionyeshi uzito wake. Mwaka 2016, kuanzia siku Mutunga alipoondoka hadi David Maraga alipoapishwa, ilipita miezi minne. Tukiupeleka mwendo uleule mwaka 2017, Jaji Mkuu mpya angeapishwa mwezi Oktoba. Ibara ya 140 inatoa siku saba za kufungua shauri baada ya matokeo kutangazwa, na siku 14 za kulisikiliza na kuliamua. Shauri lote lingekuwa limekwisha kabla Jaji Mkuu hajapatikana, na pendekezo la Tume lingelifikia Bunge wakati wabunge wako majimboni wakiomba kura.

Nafasi nyingine mbili hazikupatikana kwa utulivu huo. Rawal na Tunoi walidai kwamba, kwa kuwa waliteuliwa kuwa majaji chini ya Katiba ya zamani, walikuwa na haki ya kubaki hadi umri wa miaka 74. Tarehe 27 Mei 2016 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia. Walikwenda Mahakama ya Juu, yaani mahakama yao wenyewe, ambako rufaa yao ilipangiwa awali tarehe 24 Juni. Siku hiyo Mutunga angekuwa ameshaondoka, na Naibu Jaji Mkuu, ambaye ni mwenye rufaa, ndiye angetarajiwa kukaimu nafasi yake. Mutunga aliiwahisha tarehe hiyo hadi 2 Juni, hatua iliyowagawa majaji na wanasheria. Tarehe 14 Juni Mahakama ya Juu ilifunga mlango huo bila kuitengua hukumu ya Mahakama ya Rufaa. Siku mbili baadaye Mutunga aliondoka, na wakabaki wanne.

Mtu anaweza kusema kwamba Mutunga alizidisha ukali. Kwa maoni yangu, ubishi ule ulimalizwa katika mwezi wa mwisho ambao ungeweza kumalizwa bila kuuburuza uchaguzi ndani yake. Maraga, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, aliapishwa Oktoba 2016. Philomena Mwilu na Isaac Lenaola walimfuata kabla ya mwezi huo kwisha. Mahakama ikawa na majaji saba kwa zaidi ya miezi tisa kabla ya kura.

Septemba 2017

Tarehe 11 Agosti 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi. Tarehe 18 Odinga alifungua shauri. Jaji Mohammed Ibrahim aliugua kabla ya shauri kwisha, wakabaki sita. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ulibatilishwa kwa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Wanne hao ni Maraga, Mwilu, Lenaola na Smokin Wanjala. Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga.

Watatu kati ya wanne hao walikuwa ndio waliojaza viti vya 2016. Msomaji anaweza kuvutika kuhitimisha kwamba nani aliyeingia ndiye aliyeamua matokeo. Lakini aliyetia saini uteuzi wao ndiye aliyeshindwa katika shauri lile, naye akawaita majaji hao "wakora" mbele ya umati. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni chembamba zaidi, na kwangu ndicho chenye uzito: kama viti vile vitatu vingekuwa bado vitupu siku ile, na Ibrahim ni mgonjwa, wangebaki majaji watatu, na Kenya ingerudi mahali ilipokuwa Desemba 2007, ikiwa na shauri lisilo na wa kulisikiliza.

Majirani na mbali kidogo

Nchini Uganda, Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifikisha umri wa kustaafu mwaka 2013, na Rais Yoweri Museveni akataka aendelee. Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2014, na Bart Katureebe akateuliwa Machi 2015, chini ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Februari 2016. Kiti kilikaa takriban miaka miwili bila mwenye nacho kamili. Tanzania iko katika hali tofauti, kwani ibara ya 41(7) ya Katiba yake inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume.

Nchini Marekani, mwaka uleule wa 2016, Baraza la Seneti lilikataa kumsikiliza Merrick Garland, aliyependekezwa mwezi Machi kuchukua nafasi ya Antonin Scalia, kwa hoja kwamba uchaguzi umekaribia. Mwaka 2020 Baraza hilohilo lilimwidhinisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya kura. Masharti ya Katiba hayakuwa yamebadilika. Hakuna kifungu kilichosema lini.

Muda usioandikwa

Kenya nayo haijaandika lini. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina ya watu 41 kwa ajili ya ujaji wa mahakama nyingine. Rais Kenyatta hakuwa na uwezo wa kuyabadilisha majina hayo, lakini aliweza kutoyatia saini. Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa amefariki dunia akisubiri. Sita hao waliteuliwa Septemba 2022, baada ya uchaguzi, na Rais mwingine. Ibara ya 166 haitaji idadi ya siku ambazo Rais anapaswa kuzitumia kuteua, wala haiilazimishi Tume kuanza kutafuta mrithi kabla kiti hakijawa wazi, hata pale ambapo siku ya jaji kutimiza miaka 70 inajulikana tangu siku alipoapishwa. Mambo haya mawili yanaweza kurekebishwa bila kumwongezea wala kumpunguzia yeyote uwezo wa kuchagua.

La tatu ni gumu zaidi. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuuahirisha. Jioni ya kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Viti vyote saba vilikuwa na wenyewe kisheria, lakini asubuhi waliotokea mahakamani walikuwa Maraga na Lenaola tu. Maraga alitangaza kwamba akidi haikutimia, na kesho yake uchaguzi ukafanyika.