Kilima cha Ukambani Kilichopanda Reli

Wakamba wamerithishana habari za Syokimau, mwanamke mtabiri, aliyebashiri kabla ya reli kwamba nyoka mrefu, mwenye kutema moto na moshi, atapita nchini mwao akitoka maji hata maji. Na nyoka huyo alipowadia kweli, akaanza safari yake Mombasa mwaka 1896 na kuwasili Nairobi mwaka 1899, alipita tambarare za Konza na Athi, akauacha kando mji wa Machakos, ambao ngome yake ya mwaka 1889 ilikuwa imeufanya makao ya utawala, hata watawala nao wakahamia Nairobi kuifuata reli.

Hata hivyo nchi hii ilipata heshima yake relini, ijapokuwa baada ya zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kililiundia Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki vichwa 34 vya garimoshi vya aina ya Garratt, daraja la 59, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Kenya, Uganda au Tanganyika. Uzito wa kimoja ulikuwa takriban tani 250, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani havikupata kuwa na kifani. Tanuri na tangi la mvuke vilikaa katikati, juu ya fremu iliyoegemea mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na magurudumu yake, ndiyo maana kitu kirefu kiasi kile kiliweza kujipinda penye kona. Kilichoma mafuta mazito badala ya makaa, kikavuta shehena ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Na madereva walikwenda kwa zamu, hawa wakiendesha, wenzao wamelala katika behewa lililofungwa nyuma yao.

Cha namba 5932 kiliitwa Ol'Donya Sabuk, jina la Kimaasai la kilima chetu cha kaskazini mwa Machakos, ambacho kwa Kiswahili ni Kilima Mbogo. Naliona hilo kuwa jambo adhimu: mji ulionyimwa reli, kilima chake kikatembea juu ya reli ile ile, mchana na usiku.

Enzi ya mvuke ilipokoma, vichwa vile vilikatwakatwa vikawa vyuma chakavu, na 5932 pamoja navyo. Vilisalimika viwili tu, namba 5918, Mount Gelai, ambacho baadaye kiliwashwa tena moto kikavuta abiria, na namba 5930, Mount Shengena. Mtu wa Machakos atakaye kuvizuru na apande treni katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2012 kwa jina la Syokimau, ashuke stesheni ya Nairobi, aende kwa miguu hadi Makumbusho ya Reli yaliyo jirani. Hapo atasoma majina ya milima miwili ya Tanzania, na cha kwao hatakiona.