Waya Huvuta, Hausukumi: Historia ya Waya wa Mafuta na Somo la Vigari vya Mchangani

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo tuzungumzie chombo kinachopeleka mazao yako sokoni. Pikipiki, pawatila na pampu nyingi za kumwagilia zina waya mwembamba unaoamuru injini iende kasi au itulie. Watu wengi hawautazami mpaka siku unapokatika.

Mimi nilifundishwa na mayai. Niliwahi kubadilisha waya wa mafuta wa pikipiki yangu jioni, haraka haraka, kesho yake ikiwa siku ya gulio. Niliukaza kwa nguvu nikidhani waya uliokazwa ndio waya mzuri. Asubuhi mama mmoja wa jirani akanipa trei sita za mayai nimpelekee. Nilipokata kona ya kwanza, usukani ulipogeuka ule waya ukavutika, injini ikanguruma yenyewe bila mkono wangu kuongeza chochote, nikaingia mtaroni. Mimi nilichubuka goti tu. Mayai 180 nililipa. Tangu siku ile nilianza kuuliza: waya huu ulitoka wapi, na nani aliamua ufanye kazi namna hii? Majibu niliyoyapata yanakuhusu na wewe, kwa hiyo nifuate taratibu.

Mwanzo zilikuwa fito

Zamani injini hazikuwa na waya. Injini ya mvuke ilikaa mahali pamoja na kilichotakiwa ni mwendo usiobadilika. Mwaka 1788 James Watt, kule Uingereza, aliiwekea injini yake kidhibiti mwendo chenye mipira miwili ya chuma inayozunguka. Injini ikizidi kasi, mipira inatanuka na kuvuta fito za chuma zinazopunguza mvuke. Ikipungua kasi, mipira inashuka na fito zinaongeza mvuke. Wazo lenyewe lilikwishatumika kwenye vinu vya upepo vya kusaga nafaka. Hata leo mashine nyingi za dizeli za kusagia unga zina kidhibiti cha ukoo huohuo ndani yake.

Fito ina sifa moja nzuri: inavuta na inasukuma. Ubaya wake ni kwamba haipendi kona. Kila penye kona unahitaji kiungo, na kila kiungo kikilika kinaleta mchezo. Kwa mashine iliyosimama hilo linavumilika. Kwa chombo kinachorukaruka barabarani ni taabu.

Wachimba madini na kamba ya chuma

Waya nao ulianzia shimoni. Katika milima ya Harz, Ujerumani, wachimbaji walikuwa wakivuta madini kwa minyororo. Mnyororo una hila: pete moja tu ikipasuka, mzigo wote unaanguka, na hakuna aliyeonywa. Mwaka 1834 ofisa mmoja wa migodi pale Clausthal, Wilhelm Albert, alisokota nyaya za chuma pamoja akapata kamba. Kamba yake ilikuwa na nyuzi tatu, kila uzi una nyaya nne.

Faida yake haikuwa nguvu peke yake. Kamba ya nyaya hukuaga kabla haijakuacha. Unakatika unyaya mmoja, kisha wa pili, na mwenye macho anaona vincha vimechomoza kabla mzigo haujaanguka. Nakuomba ulikumbuke hilo kila unapotazama ncha ya waya wa pikipiki yako. Ukiona unyaya mmoja umechomoza kama mwiba, huo si uchakavu wa kawaida. Ni waya unakuaga.

Bowden aweka waya ndani ya ala

Waya mtupu unavuta vizuri ukiwa umenyooka, lakini kwenye kona unataka kukata njia ya mkato. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden alipata hataza Uingereza kwa suluhisho rahisi: pitisha waya ndani ya ala ngumu iliyosokotwa kwa chuma, inayopinda lakini haibonyei kwa urefu. Ukizishika imara ncha mbili za ala, waya wa ndani utavutwa kwa kiasi kilekile upande wa pili hata njia iwe na kona. Ulianza kutumika kwenye breki za baiskeli, kisha ukahamia kwenye pikipiki.

Lakini Bowden hakubadilisha jambo moja: waya huvuta, hausukumi. Ukiachia mkono, kinachorudisha mlango wa kabureta ni springi iliyopo kule mwisho. Waya unafungua, springi inafunga. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kazi ya fundi.

Gari lenye injini nyuma

Katika miaka ya 1930 Ferdinand Porsche alisanifu Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa duara ambalo wazee wetu wanalikumbuka vizuri. Lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, likikanyaga matope na vumbi letu wenyewe.

Injini yake ilikaa nyuma, ilhali mguu wa dereva uko mbele. Fito za urefu huo zingekuwa mzigo, kwa hiyo wahandisi walipitisha waya ndani ya bomba jembamba katikati ya sakafu, kutoka kwenye pedali hadi nyuma, ukapenya kwenye nyumba ya feni ya injini na kutokea kwenye kabureta. Pale mwisho waya ulibanwa kwa kipini kidogo chenye skrubu kwenye mkono wa kabureta. Kila kitu kilipimwa kiwandani, na dereva hakuwa na haja ya kukifikiria.

California: gari linafupishwa

Mambo yalibadilika pale watu walipoanza kulikata gari lile. Mwaka 1964 Bruce Meyers, mtengenezaji wa boti wa Newport Beach, California, alitumia ujuzi wake wa faibaglasi kuunda bodi nyepesi ya kukimbilia juu ya vilima vya mchanga. Akaitia injini na vyombo vya Volkswagen, akaiita Meyers Manx. Vigari vya aina hiyo Wamarekani wanaviita bagi.

Vile kumi na viwili vya kwanza vilikuwa na bodi inayojibeba yenyewe. Vilikuwa ghali kuvitengeneza, kwa hiyo baadaye Meyers aliuza bodi inayokalia sakafu ya Volkswagen kuukuu. Mnunuzi alitakiwa aikate sakafu ile, aondoe takriban sentimita 36, kisha aichomelee upya.

Mwezi Aprili 1967 Meyers na Ted Mangels walikimbiza Manx kwenye jangwa la Baja California, Meksiko, kati ya La Paz na Tijuana, kwa saa 34 na dakika 45. Mwaka huohuo yakaanza mashindano rasmi ya njia hiyo, na Manx ya Vic Wilson na Ted Mangels ikashinda kwa saa 27 na dakika 38. Baada ya hapo kila kijana mwenye mashine ya kuchomelea alitaka bagi lake.

Hapo ndipo waya wa mafuta ulipowafundisha watu adabu. Ukikata sakafu umekata na lile bomba la waya. Ukiliunga vibaya, ukingo mkali unabaki ndani na kuula waya polepole mahali ambapo jicho halifiki. Ukibadilisha pedali, umebadilisha na kipimo cha mvuto. Kile kiwanda kilichokuwa kimekifikiria kwa niaba yako, sasa ni juu yako.

Walivyojifunza kuufunga

Utaratibu wa wajenzi makini wa bagi ni huu:

1. Safisha njia kwanza. Pitisha waya taratibu. Ukikwama hata kidogo, tafuta kinachokwama, usiulazimishe. Kona ziwe pana, waya uwe na grisi, na uwe mbali na bomba la moshi.

2. Weka kikomo cha pedali. Bagi linaporuka, dereva hukanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Uzito huo uishie kwenye bolti au chuma kilichochomelewa sakafuni, usiishie kwenye waya na mkono wa kabureta.

3. Pima kwa kutokea upande wa kukanyaga. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka kwenye kikomo. Mwingine, kule nyuma, afungue mkono wa kabureta karibu na mwisho, abakishe nafasi ya kama milimita 1, ndipo akaze skrubu. Nafasi hiyo ndogo inauokoa waya usikatike.

4. Achia pedali utazame. Mkono wa kabureta urudi mpaka mwisho wenyewe, bila kusaidiwa.

5. Springi ziwe mbili, na zote zifunge mlango wa kabureta kule kule nyuma. Hapa wengi hukosea. Huweka springi ya pili kwenye pedali wakajiona wako salama. Springi ya pedali inarudisha pedali, lakini ile ya kabureta ikikatika, pedali itapanda na injini itaendelea kunguruma. Kwa nini? Waya hausukumi.

Wenye kabureta mbili walirudi kwenye fito za zamani. Waya mmoja unavuta mtaimbo wa katikati, na fito mbili zinafungua kabureta zote kwa pamoja. Moja ikitangulia, injini inatetemeka na kunywa mafuta ovyo. Tena injini ikipata moto chuma chake hutanuka, kwa hiyo fundi mzuri hukagua vipimo hivyo injini ikiwa moto pia.

Sasa chombo chako

Huna bagi, najua. Lakini ukibadilisha usukani wa pikipiki, ukifunga injini ya aina nyingine kwenye toroli, au ukiweka waya wa chombo kingine kwa sababu duka la vipuri halina saizi yako, umefanya walichofanya vijana wa California. Umevunja kipimo cha kiwanda. Basi fanya na ukaguzi wao.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, zungusha kishikio cha mafuta mpaka mwisho kisha uachie ghafla. Kirudi chenyewe na kugonga. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto, halafu kulia. Kikirudi kwa uvivu, usisafiri.

Pili, pima mchezo. Kwa pikipiki nyingi kishikio kinatakiwa kicheze milimita 2 hadi 6 kabla waya haujaanza kuvuta. Mchezo huo si uzembe wa fundi. Ukikosekana, kila unapokata kona waya utajivuta wenyewe, kama ulivyonivuta mimi.

Tatu, washa injini bila gia, ikae kwenye mngurumo wa chini, kisha kata usukani huku na huku. Sauti isibadilike. Ikipanda, waya umekazwa mno au umepita njia mbaya. Jaribio hili halifiki dakika moja, na lingeniokolea trei sita.

Nne, tazama ncha zote mbili. Unyaya mmoja ukichomoza, nunua waya leo. Usiunge waya wa mafuta kwa kufunga fundo, na usivute mlango wa kabureta kwa kamba ya manila ukiwa barabarani.

Tano, kwenye pawatila na pampu, kagua springi na viungo vya fito kila mwanzo wa msimu. Vumbi likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa kama gundi. Safisha, kisha weka oili kidogo. Springi iliyolegea usiikate na kuikunja upya, badilisha.

La mwisho ni la kuokoa roho. Kabla hujabeba mzigo wala abiria, jua swichi ya kuzimia iko wapi na uijaribu kama inafanya kazi. Mafuta yakigoma kurudi ukiwa njiani, bana klachi, zima injini, kisha simama kwa breki. Usianze kuhangaika na kishikio huku chombo kinakimbia. Mfundishe hivyo na kijana unayemkabidhi pikipiki yako, kwa sababu mara nyingi mwenye mali yuko sokoni na anayeendesha ni mwingine.

Waya mpya si ghali ukilinganisha na mzigo wa siku moja ya gulio. Kesho asubuhi, kabla hujafunga tenga la kwanza, zungusha kishikio, kiachie, usikilize kama kimegonga. Kama una swali kuhusu chombo chako, niulize tukutanapo shambani au siku ya gulio. Nawatakia msimu mwema na safari salama.