Firauni Aliyechimba Jina Lake Katika Jiwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Tarawehe mmoja wetu aliuliza: maadamu tunachangishana kupata jengo la msikiti, je, majina ya waliotoa yaandikwe ukutani? Niliomba muda. Usiku huu nitajibu kwa njia ya historia, kwa kuwa aliwahi kuishi mfalme ambaye shauku yake ya kujenga haikupitwa ila na shauku yake ya kuandikwa.

Mfalme huyo ni Ramses wa Pili. Aliitawala Misri kwa takriban miaka 66, kuanzia mwaka 1279 hadi 1213 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alayhis salaam. Alikamilisha ukumbi mkubwa wa Karnak, wenye nguzo 134, ulioanzwa na baba yake Seti. Kule Abu Simbel, kusini kabisa mwa Misri, alichonga hekalu ndani ya jabali, na mlangoni akaweka sanamu zake nne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 20 hivi. Mashariki ya delta ya Mto Nile alijenga mji mkuu mpya na kuuita kwa jina lake, Pi-Ramses.

Sasa tazameni alivyolishughulikia jina lake. Mafundi wa baba yake walikuwa wakichonga kwa ustadi, maandishi yakajitokeza juu ya uso wa jiwe. Yeye, mapema katika utawala wake, aliamuru maandishi yachimbwe kwenda ndani. Kazi hiyo ilikuwa ya haraka zaidi, na jina lililochimbwa kwa kina ni gumu kufutwa. Tena alijua vyema kwamba majina hufutwa, maana yeye mwenyewe alizitwaa sanamu za wafalme waliomtangulia akaziandika jina lake. Hata vita vya Kadesh alivyopigana na Wahiti alivichora katika mahekalu yake kama ushindi mtukufu, ilhali mji wenyewe ulibaki mikononi mwa Wahiti, na miaka kama 15 baadaye akafunga nao mkataba wa amani.

Je, mawe hayo yalimtunzia nini? Pi-Ramses ulikufa pale tawi la mto lililoulisha lilipojaa mchanga, na wafalme waliokuja baadaye wakayabeba mawe yake kwenda kujengea mji wa Tanis. Mnara mmoja wa jiwe aliousimamisha mbele ya hekalu la Luxor leo uko katika uwanja mjini Paris, tangu mwaka 1836. Mwili wake ulihamishwa na makuhani kwa kificho ili kuuepusha na wezi wa makaburi, ukagunduliwa na wataalamu mwaka 1881, na leo umelazwa katika makumbusho jijini Cairo, hapo Fustat, mji ulioasisiwa na Amr bin al-As.

Na katika hekalu hilo la Luxor, ua alioujenga Ramses ulijaa kifusi kwa karne nyingi. Waislamu wakajenga msikiti juu yake, msikiti wa Abul Hajjaj. Kifusi kilipoondolewa, mlango wake wa zamani ukabaki juu, mita kadhaa kutoka sakafu ya hekalu. Adhana inaadhiniwa hapo hadi leo.

Wengi huuliza: huyu ndiye Firauni wa Nabii Musa? Wapo wanaosema ni yeye, wapo wanaosema ni mwanawe Merneptah, na wapo wenye rai nyingine. Tusikate shauri pale ambapo Qur'ani imenyamaza. Lakini ukimya huo una funzo. Qur'ani imemtaja Firauni mara nyingi, na kila mara kwa cheo tu. Wafalme waliochimba majina yao katika kila jabali, mmoja wao amekuwa mfano wa dhulma mpaka Siku ya Kiyama, wala jina lake halikuhitajika.

Na nani aliyechimba mawe hayo? Katika Makumbusho ya Uingereza, jijini London, kuna kibamba cha jiwe la chokaa cha mwaka wa 40 wa Ramses. Ni daftari la mahudhurio ya mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Yumo aliyekosa kazi kwa maradhi, aliyeumwa na nge, na aliyekwenda kumzika jamaa yake. Karani aliwaandika ili wahesabiwe siku zao. Mola wao aliwajua kabla ya karani.

Nikumbusheni sasa mtu mmoja katika kasri la Firauni: mkewe, Bibi Asiya. Alizungukwa na majengo ambayo dunia bado inayastaajabia, na katika Suratut Tahrim tunasoma kwamba aliomba nyumba moja tu, iliyo kwa Mola wake, Peponi. Mume alijenga ili aonekane, mke akaomba ajengewe na Yule anayemwona.

Basi jibu langu ni hili. Kutoa kwa dhahiri kumeruhusiwa, na kutoa kwa siri ni bora. Hayo yamo katika Suratul Baqara. Sisemi kwamba jina ukutani ni haramu. Ila rai yangu ni kwamba ukuta wetu ubaki mtupu, ili aliyetoa pauni tano na aliyetoa elfu tano wasimame katika safu moja, bega kwa bega, bila jiwe la kuwatofautisha.

Ewe Mola wetu, tutakabalie, utusafishie nia zetu, na utujengee kwako nyumba isiyohamishwa. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.