Kuita Majina Yote



Katika mikutano mingi ya wanafunzi wa zamani, kabla ya hotuba na kabla ya chakula, majina huitwa. Mmoja wao, aghalabu yule aliyekuwa kiranja, husimama na kusoma orodha ya wale waliomaliza pamoja miaka 25 au 50 iliyopita. Wengine huitika kwa sauti nzito zisizofanana tena na za utotoni. Wengine huitikiwa na jirani: huyu amehamia Kampala, yule yuko Kisangani, mwingine ni mgonjwa. Kisha yapo majina ambayo, yakishatajwa, watu hunyamaza na kuinamisha vichwa.

Hapa kwetu Bunia ukimya huo una historia yake. Tuitazame pamoja, kwa maana ninyi mnaoketi leo kwenye madawati ndio mtakaoitana kesho.

Orodha ya darasa ni kitabu cha historia

Mwanahistoria hutafuta hati, nasi tunazo hati karibu nasi bila kuzithamini. Daftari la mahudhurio la shule ni mojawapo. Fikirini orodha mbili za shule moja ya misioni, moja ya mwaka 1970 na nyingine ya mwaka 1973. Katika ile ya kwanza mtawakuta akina Joseph, Marie na Emmanuel. Katika ya pili majina hayo hayamo, ingawa watoto ni wale wale. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu, kwa siasa yake ya kurudi kwenye asili, uliwataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Ndiyo sababu wazee wetu wa rika hilo, wanapokutana, wana majina mawili mawili: moja la ubatizo ambalo mwenzao wa dawati alilizoea, na jingine la cheti.

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za madhehebu, na somo la dini likaondolewa. Haikuchukua muda kabla ya kuonekana kwamba mzigo ule ulikuwa mzito. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulitiwa sahihi, makanisa yakarudishiwa usimamizi wa shule zao huku zikibaki mali ya taifa. Shule za Kikatoliki ambamo wengi wenu mnasoma leo zinaongozwa kwa msingi wa mkataba huo. Mzee mmoja anaweza kuwa aliingia shule ya misioni, akaendelea katika shule ya serikali, akamalizia katika shule ya mkataba, na jengo ni lile lile, mwembe uani ni ule ule. Mambo hayo hujulikana vizuri zaidi pale wenzake wanapokaa pamoja na kukumbushana.

Nguvu ya waliosoma pamoja

Msidhani kwamba mikutano ya namna hii ni burudani ya wazee tu. Katika nchi yetu imewahi kuwa chemchemi ya mambo makubwa. Mwaka 1925, mjini Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, Padre Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut alianzisha chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa shirika lake, kikajulikana kwa jina la ADAPES. Padre huyo ndiye Tata Raphaël, ambaye uwanja mashuhuri wa michezo wa Kinshasa unaitwa kwa jina lake. Wanafunzi wa zamani wa mabradha nao wakawa na vyama vyao.

Wakati huo wakoloni hawakuwaruhusu Wakongomani kuunda vyama vya siasa. Kukutana kwa ajili ya kukumbuka shule, hata hivyo, kuliruhusiwa. Basi ndani ya vyama hivyo watu walijifunza kuongoza kikao, kuandika kumbukumbu, kutunza fedha za pamoja, kupiga kura na kukubali kushindwa. Mwaka 1946, katika umoja uliovikusanya vyama hivyo, ulioitwa UNISCO, Joseph Kasa-Vubu alitoa hotuba juu ya haki ya mwenye kuitangulia ardhi kuikalia. Miaka 14 baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kongo huru. Hivyo urafiki wa darasani ulizaa ujasiri wa kudai haki.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Inatoka katika jambo dogo. Dawati halikuuliza kabila. Mwalimu alimketisha mtoto pale palipokuwa na nafasi. Katika darasa moja la Bunia waliweza kukaa Mhema na Mlendu, Mwalur na Mbira, Mngiti na Mnyali, wote wakifundishwa kusoma kwa Kiswahili na kuchapwa na mvua ile ile njiani kurudi nyumbani.

Darasa ambalo liliondoka

Vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999 viliulenga ujirani huo. Watu wa kabila hili waliukimbia mtaa, kisha wa kabila lile wakaukimbia mwingine, hata mji ukagawanyika. Walimu walikimbia na wanafunzi wao wakatawanyika. Mwezi wa Agosti 2002 Bunia ilitekwa na kundi la UPC la Thomas Lubanga. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch iliyotolewa Julai 2003 inaeleza kwamba mwezi wa Novemba 2002 askari wa kundi hilo waliingia katika shule ya msingi ya Mudzi Pela, mtaa wa mji wetu, wakawachukua kwa nguvu watoto wote wa mwaka wa tano, wapatao 40, ili wawe askari.

Someni tena, polepole. Darasa zima. Asubuhi ile daftari la mahudhurio lilikuwa na majina, na madawati yakabaki matupu.

Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipokwisha kuondoka, makundi yaligombania mji na mamia ya watu wakauawa. Katika parokia ya Nyakasanza, ambako watu walikuwa wamekimbilia, waliuawa pia mapadri wawili, Aimé Njabu na François Mateso. Utulivu kiasi ulirudi mwezi wa Juni, majeshi ya Umoja wa Ulaya yalipofika. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu ianzishwe, nayo ilihusu watoto wa kwetu: Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini hakuna mahakama inayoweza kumrudisha mtu kwenye dawati lake. Mtoto wa mwaka wa tano mwaka 2002 ni mtu mzima sasa. Mwezi wa Novemba 2027 itatimia miaka 25 tangu siku ile. Madarasa mengine yakifikisha miaka 25 hushona sare na kukodi ukumbi. Darasa lile likutane vipi, na nani ataitika jina lake?

Nani aitwe?

Hapa ndipo penye swali gumu, nalo halihusu darasa moja tu. Watu wa rika lile wanapopanga kukutana Bunia, orodha iko mikononi, na kila jina linaleta mashaka. Huyu alifiwa na baba yake mikononi mwa watu wa yule. Yule alibebeshwa bunduki akiwa na miaka 12, na mpaka leo wapo wanaovuka barabara wakimwona. Ni rahisi kuandaa karamu ya wale tu wanaopatana, na kuliacha jina lenye uchungu pasipo kulitaja. Karamu hiyo itapendeza, na picha zitakuwa nzuri. Lakini watakaokutana humo ni kabila moja au kundi moja. Darasa lenyewe litakuwa halijakutana.

Kumwita mtu jina lake hakufuti kosa wala hakulazimishi msamaha kabla ya wakati wake. Kunasema ukweli mmoja tu, kwamba naye alikuwa kati yetu. Kumbukeni chumba kile ambamo wanafunzi wa Yesu walijifungia kwa hofu. Aliyemkana mbele ya moto alikuwemo. Aliyekosekana siku ya kwanza, Toma, hakufutwa, bali alingojewa, na siku nane baadaye alikuwepo. Naye Bwana hakuficha makovu yake ili mkutano uwe wa furaha, aliyaonyesha.

Nanyi vijana, msidhani haya ni ya wakubwa tu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 vurugu zimerudi katika Djugu na kwingineko, na watoto wengi wanaishi kambini, kama vile Kigonze hapa mjini. Huenda pembeni yako darasani ameketi mmoja wao, ambaye darasa lake la zamani limetawanyika. Huenda pia wenzako watatu wa mwaka jana hawakurudi, wala hakuna aliyeuliza.

Basi tunapendekeza kazi moja kwa kila kikundi. Andikeni orodha kamili ya darasa lenu la mwaka huu: jina, kijiji, jina la mwalimu. Itunzeni parokiani. Kila Septemba, masomo yanapoanza, isomeni, na kwa kila asiyeitika mtumeni mtu mmoja akaulize habari zake.

*Maswali ya kikundi*

1. Ni mwenzetu gani wa darasa hatujamtaja siku nyingi, na kwa sababu gani?
2. Wazazi wetu walisoma na nani? Wakiwataja wenzao, ni majina gani wanayaruka?
3. Tukikutana baada ya miaka 25, tungependa nani asikosekane, na leo tunafanya nini ili awepo?