Mtoto Akirudi Bwenini Baada ya Kuugua Akili

Leo tuzungumzie mtoto aliyeugua akili, akatibiwa, na sasa sanduku lake liko tayari kurudi shuleni. Huenda wenzake wakamwita “wa Mathari”. Tusi hilo lina historia.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, enzi ya ukoloni, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Jina lake la kwanza lilikuwa nyumba ya wendawazimu. La Mathari lilikuja 1924. Tazama basi: ndui huambukiza, ugonjwa wa akili hauambukizi, lakini wote waliwekwa kando na watu. Dawa za maana hazikuwapo. Kloropromazini, iliyofungua njia, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Si ajabu watu walizoea kufikiri kwamba aliyeingia huko harudi.

Sheria nayo ilitisha. Kifungu cha 226 kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwa hofu hiyo mzazi aliweza kumwambia mwalimu kwamba mtoto alikuwa na malaria tu. Leo huna haja ya kuficha hivyo, na kuficha kunamponza mtoto mwenyewe. Baadhi ya dawa huleta usingizi. Mwalimu asiyejua atamwona mvivu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini mama, wewe na mimi twajua havijaisha.

Kwa hiyo nenda shuleni kabla ya siku ya kufungua. Zungumza na mwalimu mkuu, kisha mchagueni mwalimu mmoja ambaye mtoto atamwendea akizidiwa. Dawa akabidhiwe matroni, pamoja na maandishi ya daktari, na asiziache kwa sababu anajisikia nafuu. Omba apunguziwe kazi majuma ya kwanza. Masomo yaliyompita hayafidiwi kwa usiku mmoja. Muulize mtoto angependa wenzake waambiwe nini. Jibu ni lake.

Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata dakika moja; afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Na siku ya wazazi usikose. Ukifika, muulize kwanza analala vipi. Alama za mtihani zitangoja.